Babu kaacha picha ya mwanaanga yenye saini na "jiwe la mwezini". Nipo Ujiji, nauzaje bila kupigwa?

#1 Mjukuu wa Ujiji
Wakuu salaam. Naomba ushauri. Wenye utani mje nao pia, ila ushauri utangulie.

Babu mzaa baba alifariki mwaka jana hapa Ujiji. Juzi tumefungua sanduku lake la bati, lile ambalo enzi za uhai wake hata bibi hakuthubutu kuligusa. Tulitegemea kukuta hati ya shamba la michikichi. Hati hatujaiona. Tulichokuta ni picha nyeusi na nyeupe ya mzungu kavaa suti inayong'aa kama sufuria mpya, chini kuna saini ya wino wa bluu, inasomeka John Glenn. Kuna kitambulisho cha kazi chenye sura ya babu akiwa kijana, kina maneno NASA (shirika la anga la Marekani) na Zanzibar. Kuna albamu ya stempu, nyingi za Burundi, watu wanatembea mwezini. Halafu kuna kitu cheusi, kizito, ukubwa wa limau, kimeviringishwa kwenye gazeti. Hicho babu alikiita jiwe la mwezini, na tukiwa wadogo alitutisha kwamba tukilichezea mvua itapiga siku saba.

Ninachojua ni kwamba alikwenda Unguja kabla ya uhuru, akawa dereva wa Wamarekani, akarudi 1964. Zaidi ya hapo hakuwa msemaji.

Dalali mmoja wa hapa Mwanga kaja, katoa ofa ya laki tatu kwa vyote. Nikamwambia nitafikiria. Kesho yake karudi na laki nane, ila sasa anataka jiwe peke yake, vingine nibaki navyo. Hapo ndipo nilipopata mashaka. Hivi vitu ni vya kweli? Vinauzwa wapi?

#2 Dagaa Mkavu
Dalali aliyepandisha bei bila kuombwa, mkimbie. Ngoja wajuzi waje, nimekaa hapa na migebuka yangu.

#3 Mtu wa Gungu
Picha iko wapi? Uzi bila picha ni hadithi za kijiweni.

#4 Mjukuu wa Ujiji
Nimeweka tatu, angalia juu. Hilo doa la njano pembeni ni mawese, sanduku lilikaa chini ya rafu ya jikoni miaka mingi.

#5 Hii Ni Chai
NASA Zanzibar? Hii chai, tena haina hata tangawizi. NASA wafuate nini Unguja, karafuu?

#6 Mzee wa Liemba
Kijana, usicheke usilolijua. Kituo kilikuwepo, Tunguu. Marekani walipoanza kurusha watu kwa mradi wa Mercury walijenga vituo 18 vya kufuatilia chombo kuzunguka dunia, vingine nchi kavu, vingine juu ya meli. Sababu ni rahisi: chombo kikizunguka karibu na dunia, kituo kimoja kinakiona dakika chache tu kisha kinakipoteza nyuma ya upeo, inabidi mwingine akipokee. Kwa huku kwetu kulikuwa na Kano kule Nigeria na Tunguu. Tarehe 20 Februari 1962 huyo huyo John Glenn alizunguka dunia mara tatu kwa karibu saa tano, na Zanzibar walizungumza naye kwa redio alipopita. Yakaja Mapinduzi ya Januari 1964, Wamarekani wakafungasha mwaka huo huo.

Sasa mtu wa Ujiji anarudi kwao 1964. Mimi sioni chai hapo. Na hiyo suti ya rangi ya fedha ndiyo ya Mercury, zile nyeupe za mwezini zilikuja baadaye.

#7 Hii Ni Chai
Mzee shikamoo. Nimeweka kikombe chini.

#8 Mnyamwezi Asilia
Mwangaluka. Nasoma kutoka Isevya, Tabora. Kwa taarifa yenu chochote kilichotoka mwezini ni mali yetu, jina lenyewe linajieleza: Wanyamwezi. NASA na huyo dalali wote walete mgao. Ninyi wa mwisho wa reli kazi yenu ni kupokea mizigo ya watu.

#9 Dagaa Mkavu
Mtani, ninyi mlipewa mwezi. Mwanga upo kwetu Kigoma. Bila Mwanga huo mwezi mtauonaje?

#10 Bi Stempu
Watani pumzikeni kidogo.

Nakusanya stempu na bahasha tangu nikiwa mwalimu kijana hapa Tabora, na mambo ya anga ni sehemu ya ugonjwa huo. Mjukuu, anza na saini, maana hapo ndipo wengi wanapolizwa. Chukua kioo cha kukuzia. Ukiona saini imeundwa na vidoti kama picha yenyewe, ilichapwa kiwandani, haina mjadala. Ukiinamisha picha dirishani ukaona wino unang'aa tofauti na karatasi, basi kalamu ilipita pale. Swali linabaki: kalamu ilishikwa na nani?

Maana NASA walikuwa na mashine ya kusaini. Inapewa mfano wa saini ya mtu, mkono wa chuma unashika kalamu ya kawaida kabisa na kusaini karatasi moja baada ya nyingine huku mwenye jina yuko mazoezini. Barua za mashabiki zilikuwa za magunia, wangezimalizaje? Huyu Glenn baadaye akawa seneta wa Ohio, 1974 hadi 1999, na ofisi ya seneta nayo ina mashine yake na makatibu wake. Saini ya mashine ina mkandamizo mmoja mwanzo mpaka mwisho, na mara nyingi kalamu inapotua na kunyanyuka inaacha kidoti cha wino. Ukiweka mbili za mfano mmoja juu ya mwenzake zinafunikana. Mkono wa mtu haurudii hivyo hata siku moja.

Halafu nakuomba, usiilamineti. Nasema mapema kwa sababu nawajua watu wetu.

#11 Mjukuu wa Ujiji
Shikamoo bibi. Wakati nasoma hapo mwisho nikakumbuka kaka yangu kaondoka nayo asubuhi kwenda stationeri. Nimemfuata na bodaboda nimemkuta kwenye foleni, watu wawili mbele yake.

#12 Bi Stempu
Marahaba. Huyo wa bodaboda muongezee elfu moja, niandikie mimi deni.

#13 Fundi Redio Kasulu
Nimeikuza picha yako. Kidoti cha wino kipo kwenye mwanzo wa J, ila mwisho wa n ya mwisho wino unafifia kama mtu alinyanyua mkono kwa haraka. Mashine hainyanyui kwa haraka. Mimi naona mkono wa mtu.

#14 Reli ya Kati
Fundi, mkono wa mtu sawa, lakini mtu gani? Katibu muhtasi naye ana mkono.

#15 Mpambanaji 255
Jamani mfuko tu wa kubebea udongo wa mwezi umeuzwa dola milioni nne! Mjukuu ukikubali chini ya bilioni nitakulaani. Hata nywele za Armstrong, yule wa kwanza kukanyaga mwezi, zimeuzwa.

#16 Wakili Msomi
Milioni nne yalikuwa makadirio ya juu ya mnada. Uliuzwa dola milioni 1.8, Sotheby's, New York, Julai 2017. Na kisa chake kina funzo kwa mleta mada. Mama mmoja wa Illinois aliununua mwaka 2015 kwa dola 995 kwenye mnada wa serikali yao ya vitu vilivyokamatwa. Akawapelekea NASA waupime. Wakakuta vumbi la mwezi, la Apollo 11, safari ya kwanza kutua na watu mwezini, wakagoma kuurudisha. Akaenda mahakamani, akashinda 2016, kwa sababu serikali yenyewe ndiyo iliuuza kwa makosa na yeye alinunua kwa nia njema.

Mawe ni kesi nyingine kabisa. Kilo 382 zilizoletwa na safari sita za Apollo ni mali ya serikali ya Marekani, mtu binafsi haruhusiwi kumiliki. Vipande vidogo Rais Nixon alizigawia nchi kama zawadi. Kile cha Honduras kilitoroshwa, na mwaka 1998 muuzaji akaingia mtegoni kwa maafisa waliojifanya wanunuzi. Alikuwa akitaka dola milioni tano.

Mfano wa ya mwezi yaliyouzwa kihalali ni chembe za Wasovieti zilizoletwa na chombo chao Luna 16 mwaka 1970. Serikali yao ilimpa mjane wa Korolev, yule mhandisi wao mkuu wa roketi. Gramu 0.2 hivi. Zilipata dola 442,500 mwaka 1993, zikauzwa tena 2018 kwa 855,000.

Nywele ni kweli, 2005, kinyozi wake aliuza kwa dola 3,000 na Armstrong alikasirika vibaya.

#17 Dagaa Mkavu
Gramu 0.2! Hiyo ni jicho la dagaa. Nimejaribu kupiga hesabu ya limau zima, simu ikaganda.

Na kuanzia leo kinyozi wangu hafagii mpaka niondoke.

#18 Mama Mawese
Hivi mtu anunue nywele za mtu mwingine kwa dola 3,000 na sisi Kigoma ndio tunasemwa kwa mambo ya kienyeji?

#19 Reli ya Kati
Nimesoma uzi wote mara mbili, kuna kitu kimenikaa kooni. Mzee wa Liemba kasema kituo kilifungwa 1964. Mleta mada kasema babu karudi 1964. Mtu wa kwanza kukanyaga mwezi ni Julai 1969. Sasa hilo jiwe dereva wa Tunguu alipewa na nani?

#20 Hii Ni Chai
Nirudishieni kikombe changu.

#21 Mjukuu wa Ujiji
Mkuu Reli umenifanya nimuamshe bibi. Anasema babu hakutoka na jiwe Unguja. Baada ya kurudi alikaa, kisha miaka ya sabini akaenda kwenye ujenzi wa reli ya Wachina upande wa Mbeya, akaendesha lori. Jiwe alirudi nalo huko. Gazeti lililoviringishwa ni la 1974, nimelitazama. Na kumbe kwa bibi hakusema limetoka mwezini, alisema "limetoka juu". Ya mwezini alitutungia sisi watoto.

#22 Mzee wa Liemba
Tazara ilijengwa 1970 hadi 1975. Upande wa Mbeya. Kitu cheusi, kizito, "kimetoka juu". Kijana, babu yako kakubebea kipande cha kimondo cha Mbozi.

#23 Mpambanaji 255
Kimondo cha Mbozi tani 12, Mbeya! Nimefika pale.

#24 Mnyama wa Vwawa
Mkuu ulifika ukiwa usingizini. Mbozi ipo mkoa wa Songwe tangu 2016.

#25 Reli ya Kati
Na vitabu vingi vya nje vinaandika tani 16.

#26 Mnyama wa Vwawa
Sisi wenyeji tunasema 12. Hakuna aliyekiweka kwenye mzani, mita tatu za chuma unazipimaje? Kinachojulikana ni kwamba wataalamu walikifikia 1930, wakachimba handaki kukizunguka, na kipande kilikatwa kwa msumeno wa mkono kwa ajili ya uchunguzi. Alama ya msumeno ipo hadi leo. Chuma asilimia 90 na nikeli zaidi ya 8. Hiyo nikeli ndiyo inamaliza ubishi kati ya kimondo na chuma cha fundi.

#27 Wakili Msomi
Na hapo, mleta mada, nakushauri kwa upole usimjibu dalali kwanza. Kimondo cha Mbozi kinalindwa kisheria, Sheria ya Mambo ya Kale ipo tangu 1964. Kuuza kipande chake ni kujitafutia kesi, hata kama aliyekileta ni marehemu.

#28 Fundi Redio Kasulu
Mnakimbia mno. Huku Uha watu wamefua chuma tangu enzi za mababu. Ukilima unakutana na mavi ya chuma, meusi, mazito, yana vishimo. Na hata kwenye karakana za reli mabaki ya chuma ni kama uchafu tu. Kabla hujaogopa polisi, pima.

Kipime uzito kwa sonara, mzani wa gramu. Halafu jaza kikombe maji hadi ukingoni, kitumbukize kwa uzi, maji yatakayomwagika yakinge, uyavute kwa bomba la sindano uhesabu mililita. Gawa gramu kwa mililita. Jiwe la kawaida litakupa kama 3, mavi ya chuma 3 au 4, kimondo cha chuma kinakaribia 8. Sumaku peke yake isikudanganye, hata msumari unavuta.

#29 Kiongozi wa Dili
Nina mnunuzi yupo Dubai, mtu makini, analipa kesh. Mjukuu nicheki pembeni, usisikilize wabishi.

#30 Mama Mawese
Kaka, akaunti umeifungua leo saa tisa. Mnunuzi wa Dubai kakupata saa ngapi?

#31 Mjukuu wa Ujiji
Majibu. Sonara: gramu 390. Maji nimerudia mara tatu: 53, 55, 54. Inakuja 7.2. Sumaku ya spika imeng'ang'ania mpaka nimeibandua kwa kisu.

#32 Mnyama wa Vwawa
Chuma hicho! Kimondo! Rudisheni kwetu.

#33 Fundi Redio Kasulu
Chuma sawa, ila 7.2 ndiyo kabisa ya chuma cha kumimina, kile cha viatu vya breki za behewa. Cha Mbozi kingetakiwa kuwa 7.8 na kitu. Pole mdogo wangu.

#34 Reli ya Kati
Fundi, kimepimwa kwa bomba la sindano halafu unatoa hukumu ya pointi? Mililita nne zikizidi kwenye kipimo, 7.2 inageuka 7.8. Na kina kutu juu, kutu ni nyepesi.

#35 Fundi Redio Kasulu
Kapima mara tatu.

#36 Reli ya Kati
Mara tatu kwa kikombe kilekile.

#37 Mzee wa Liemba
Msigombane. Kuna njia. Ukikata kipembe, ukakisugua kiwe kioo, ukapaka tindikali ya nitriki iliyopunguzwa makali, vimondo vingi vya chuma vinatoa mistari inayokatizana kama ukindu wa mkeka. Ile inatokana na chuma na nikeli kupoa taratibu kwa mamilioni ya miaka, hakuna mhunzi anayeweza kuiiga. Lakini usifanye mwenyewe. Wapo watu wa Taasisi ya Jiolojia pale Dodoma.

#38 Mjukuu wa Ujiji
Bibi kasema kisu hakigusi hicho kitu. Kwa hiyo kukata hapana, kwa sasa.

Wakati huo dalali kapiga simu mara nne leo. Kwa nini analitaka hivi?

#39 Tabora Mjini
Nikwambie kwa sababu yalinikuta. Hawa watu hawajui anga wala nini. Wanatafuta "mali ya Mjerumani" na zebaki nyekundu. Wakisikia kitu kizito cha kale akili inaruka. Marehemu mjomba wangu alikuwa na sarafu ya dhahabu ya Tabora ya 1916, ile ya tembo. Jamaa mmoja, jina silitaji, akamwambia ni shaba iliyopakwa, akampa laki mbili na kilo tano za sukari. Sukari tuliinywa mwezi mzima tukimsifu.

#40 Bi Stempu
Nimeumia kusoma hiyo. Rupia 15 ya Tabora! Ilipigwa kwenye karakana ya reli hapa hapa wakati wa vita, kwa dhahabu ya Sekenke, na zote jumla ni 16,198. Wakusanyaji duniani kote wanaitafuta, na ni ya dhahabu kwelikweli. Watu wanakodolea macho mwezi na chini ya miguu yao kuna tembo.

#41 Mnyamwezi Asilia
Mnaona sasa? Mwezi wetu, dhahabu yetu. Kigoma mmeleta kikombe na sindano.

#42 Mpambanaji 255
Mimi bado naona wenzetu wanaanga ndio walitajirika, wanabeba tu vitu wanauza.

#43 Bi Stempu
Siyo hivyo mwanangu. Wa Apollo 11 bima ya maisha ilikuwa ghali mno kwao, basi wakasaini bahasha nyingi kabla ya kuondoka, zikagongwa mhuri siku ya kuruka na siku ya kutua, familia zikawekewa. Wasiporudi, wajane wauze. Fikiria mtu anaketi kusaini bahasha kwa ajili ya kifo chake mwenyewe. Walirudi salama, na bahasha hizo leo ni kati ya vitu vinavyotafutwa sana.

Apollo 15, mwaka 1971, hiyo ndiyo aibu. Scott, Worden na Irwin walibeba bahasha 398 bila ruhusa. 100 zikaenda kwa mfanyabiashara wa stempu Ujerumani, naye akaziuza mapema, kama marka 4,850 kila moja. Kila mwanaanga alikuwa apate dola 7,000 hivi za kusomesha watoto. Habari zilipovuja wakazikataa hela, lakini wapi. Hawakuruka tena kwenda anga za juu, wote watatu. Mwaka 1983 Worden aliishtaki serikali na bahasha zilizokuwa zimeshikiliwa zikarudishwa. Huyo huyo Scott saa yake ya Bulova aliyovaa mwezini iliuzwa 2015 kwa zaidi ya dola milioni 1.6, ila hiyo ilikuwa mali yake binafsi.

#44 Wakili Msomi
Naongeza. Hata vile walivyopewa kama kumbukumbu vilileta kesi. Lovell wa Apollo 13 aliuza daftari lake la maelekezo, lenye hesabu alizofanya kwa mkono wakati chombo kimeharibika, 2011, kwa dola 388,375. NASA wakahoji ni mali ya nani. Bunge lao likapitisha sheria, Obama akaisaini Septemba 2012, kwamba wanaanga wa Mercury hadi Apollo walivyobaki navyo ni vyao. Isipokuwa mawe. Sheria hiyo haisemi lolote kuhusu kitambulisho cha dereva wa Tunguu, lakini sidhani kuna atakayekuja Ujiji kukidai.

#45 Mtoto wa Kibirizi
Mnahangaika bure, hakuna aliyekwenda mwezini. Studio ile.

#46 Mzee wa Liemba
Waliacha vioo mwezini 1969, mpaka leo wanasayansi wanavimulika kwa mwanga wa leza na mwanga unarudi. Kama ni studio basi hiyo studio iko mbali sana.

#47 Mtoto wa Kibirizi
Mzee kwa heshima yako nanyamaza, moyoni nabaki nalo.

#48 Mtu wa Gungu
Swali la pembeni. Ile pete ya chuma iliyoanguka kutoka angani Makueni kule Kenya mwisho wa 2024, mita mbili na nusu, kilo 500. Ingedondokea shamba langu la Mwandiga ningeipeleka kwa wa chuma chakavu au ni kosa?

#49 Wakili Msomi
Ni kosa, na utapata hasara. Mkataba wa Anga wa 1967 unasema kilichorushwa kinabaki mali ya aliyerusha hata kikianguka kwa jirani. Ila na yeye anawajibika kwa uharibifu. Usiuze, dai fidia. Skylab, kituo cha anga cha Marekani, ilipoanguka Australia 1979 mji wa Esperance uliwaandikia NASA faini ya dola 400 ya kutupa takataka.

#50 Dagaa Mkavu
Hiyo faini nimeipenda. Watu wa Makueni wangewaandikia na ya kushtua ng'ombe.

#51 Mama Mawese
Halafu mmesahau aliyetangulia ni sokwe. Labda wa Gombe.

#52 Mzee wa Liemba
Ham alitoka Kameruni, aliruka Januari 1961. Wa Gombe wana akili, walikataa.

#53 Bi Stempu
Turudi kwa Mjukuu. Hizo stempu za Burundi za 1969 ni nzuri machoni, bei yake ni ya karanga. Zilitolewa nyingi kwa wakusanyaji wa nje, na nyingine ziligongwa mhuri bila kupita hata kwenye barua moja. Mpe mtoto anayezipenda. Saini ya Glenn hata ikiwa ya kweli si adimu, alisaini maisha yake yote hadi alipofariki 2016. Kama ingekuwa ya Armstrong, ambaye aligoma kusaini miaka ya tisini, ningekuja na treni leo.

Mimi ninachokiona cha pekee ni kitambulisho. Picha za Glenn zimejaa duniani. Kitambulisho cha kijana wa Ujiji aliyefanya kazi Tunguu, wewe umewahi kuona kingine? Kipige picha mbele na nyuma, andika kila analokumbuka bibi, majina ya wenzake, lori lilikuwa rangi gani. Nyumba za mnada zinapokea picha kwa barua pepe kwanza, usitume kitu chenyewe. Na ukija kuuza siku yoyote, kinachouzika ni hiyo hadithi yenye ushahidi. Vyeti vya "halisi asilimia mia" vinachapwa hata hapo stationeri ya kaka yako.

#54 Mjukuu wa Ujiji
Nimeweka picha za kitambulisho mbele na nyuma. Jina la kwanza mnaliona, Juma, la ukoo nimelifunika. Nyuma ndiyo kasaini mwenyewe.

#55 Reli ya Kati
Nimechukua ile saini ya picha nikailinganisha na za Glenn tatu nilizozipata mtandaoni. Mbili hazifanani kabisa. Ya tatu inafunikana na yako mpaka kwenye G, halafu zinaachana.

#56 Fundi Redio Kasulu
Inaachana, basi ni mkono.

#57 Bi Stempu
Au mashine, na karatasi ilisogea. Hutokea.

#58 Mtu wa Gungu
Wakuu samahani. Tazameni J ya kitambulisho. Halafu tazameni J ya picha. Ule mkia unavyopinda kushoto na kile kidoti cha mwanzo. Mimi si mtaalamu lakini hizo J ni ndugu wa tumbo moja.

#59 Hii Ni Chai
Ngoja. Unataka kusema babu kajisainia?

#60 Dagaa Mkavu
🤣🤣 Miaka sitini sanduku limefungwa, kumbe mzee anatulia huko alipo.

#61 Fundi Redio Kasulu
Mtu aliyesoma shule za wakati ule alifundishwa J hiyo hiyo. Glenn naye, yeye ni wa 1921. Mwandiko wa zama moja.

#62 Mzee wa Liemba
Hoja ya Fundi ina uzito. Ya Gungu nayo ina uzito. Wino wa kitambulisho pia ni bluu.

#63 Mnyamwezi Asilia
Tabora tunasubiri mgao wa nini sasa?

#64 Mjukuu wa Ujiji
Nimemsomea bibi kuanzia namba 58. Kacheka mpaka kapaliwa, tukampa maji. Nikamuuliza, bibi, ni babu? Kajifuta macho na kanga, kasema dalali akija tena nimwambie jiwe haliuzwi, kitambulisho hakiuzwi, huyo mzungu anaweza kuondoka naye. Zaidi ya hapo kagoma kusema.

#65 Mtu wa Gungu
Sawa. Na hati ya shamba la michikichi imepatikana?